Mugole kutoka Tanga: mwaka wangu wa kwanza Kampala, na Kiswahili nilichojifunza kukinong'ona

Mwanzisha uzi

Assalaam aleykum, na habari zenu nyote.

Nimesoma humu miezi mingi bila kuandika neno. Leo naandika kwa sababu haipiti wiki bila binti kuuliza, "Naolewa Uganda, maisha ya huko yakoje?" Majibu anayopata ni kodi ya chumba na nauli ya basi. Yanasaidia, ila mimi miezi ya kwanza sikulia kwa ajili ya kodi. Nililia kwa ajili ya Kiswahili.

Mimi ni wa Tanga, nimezaliwa na kulelewa Ngamiani. Mume wangu ni Muganda, kwao Masaka, Muislamu, tulikutana Dar alipokuwa huko kikazi. Ndoa ilifungwa Tanga, na wiki tatu baadaye tukapanda basi: Horohoro, Mombasa, Nairobi, Busia, Kampala. Kwa kuvunja safari Nairobi tulikaa njiani siku mbili, miguu ikavimba kama ya mama mjamzito.

Pale Busia, mama mmoja wa forodha aliniuliza gunia langu lina nini. Nikamjibu: nguo, mchele kidogo, na mbuzi. Akasimamisha kalamu. Kwa Kiganda "embuzi" ni yule yule mnyama wetu, na mnyama havushwi mpaka bila karatasi za daktari wa mifugo. Mume wangu akafungua gunia, akatoa kibao cha kukunia nazi alichonipa marehemu bibi yangu. Yule mama akapitisha kidole kwenye meno ya chuma, akauliza kinafanya nini, tukamweleza, akaturuhusu tupite huku akicheka. Pale mpakani kila mtu anaongea Kiswahili: wabadilisha fedha, wauza mahindi, waendesha boda boda ambao hata jina lao lilizaliwa kwenye mipaka hiyo, baiskeli zilipokuwa zikibeba watu kutoka boda hadi boda. Nikajiambia moyoni: nimekuja kwa jirani tu, ugenini ni Ulaya.

Tulipanga chini ya kilima cha Kibuli. Asubuhi ya kwanza nikashuka dukani. "Habari za asubuhi, mama. Naomba sabuni na chumvi." Yule mama akaniangalia, akaniwekea vitu juu ya meza, akapokea hela, hakusema kitu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilimwona akicheka na mwenzake, nilipoingia na salamu yangu kicheko kikakatika.

Nilikuja kumlalamikia mume wangu kwamba majirani zake wana roho mbaya. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hapa kwetu, watu wazima wengi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki."

Nyumbani Kiswahili ndicho tunachobembelezea watoto, tunachosifia bwana harusi, tunachozikia. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mtu anaweza kukisikia akashtuka.

Nitaendelea, wacha niivishe chakula.

Msomaji, anaolewa mwezi ujao

Dada yangu, usituache hapo. Mimi naenda Masaka hiyo hiyo! Ni kweli unapigia magoti wakwe? Mimi nimezoea shikamoo, nikipiga magoti nitaona kama nadhalilishwa.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, hongera. Nianze na magoti kisha nirudi kwenye kisa changu, maana vinakutana.

Ndiyo, utapiga magoti. Ukimsalimia mkwe, ukimpa mtu mzima kikombe cha maji, ukipokea kitu. Huko kuna ssenga, yaani shangazi, ambaye ndiye humfunda binti kabla ya kuolewa, kama somo au kungwi wetu wa pwani. Ssenga wa haki ni dada wa baba yako mwenyewe. Wangu yuko Tanga, basi shangazi wa mume wangu akajitwika kazi hiyo. Nilimwambia wazi kwamba magoti yananitatiza. Akaniuliza, "Wewe kwenu ukikutana na mkubwa unafanyaje?" Nikamwambia tunasema shikamoo, na wazee wa zamani tunawashika mkono tukabusu. Akataka kujua maana ya shikamoo. Nikaeleza tulivyoambiwa na wazee wetu, kwamba asili yake ni "nashika miguu yako". Akasema, "Basi nyie mnayasema magoti, sisi tunayapiga." Tangu siku hiyo sikusumbuka tena. Wapo wanawake wa Kiganda wenyewe wasiopenda desturi hii na wanasema hadharani, nami siwalaumu. Ila mimi imenikaa.

Sasa safari ya Masaka. Kutoka Kampala ni kama kilomita 130. Unapita Mpigi, pale Mpambire ngoma zimepangwa kando ya barabara kwa ukubwa, kutoka ya mtoto hadi isiyobebwa na mtu mmoja. Ukifika Kayabwe unavuka ikweta, watu wanashuka kupiga picha. Baada ya hapo kuna bwawa la Lwera, mapafunjo huku na huku, vijana wameinua samaki kwenye vijiti. Lukaya magari yote husimama: kuku na nyama kwenye mishikaki mirefu, na gonja, ndizi tamu ya kuchoma, dirishani kwako kabla dereva hajazima gari. Nilikula gonja mbili nikasahau kwamba naenda kwa mkwe.

Mama mkwe alinipokea kwa vigelegele. "Tukusanyukidde, mugole!" Mugole ndiye bibi harusi, na nikwambie, jina hilo utaitwa mpaka uzae. Siku nzima nilisema maneno sita ya Kiganda niliyofundishwa: wasuze otya (umelalaje), bulungi (vizuri), webale (asante), kale, nnyabo (mama), ssebo (bwana). "Kale" kwao ni "sawa", nami kila nikiisikia nilidhani wanasimulia mambo ya zamani.

Jioni nilikwenda na watoto kuteka maji. Tukarudi giza limeshaingia, nikakuta mlango umefungwa. Nilikuwa nimefurahi, nimechoka, mikono imejaa, nikagonga mlango kwa kiwiko na kuita kama ninavyoita kwetu Ngamiani: "Jamani, fungua mlango! Fungua!"

Ndani kitu kilianguka kikavunjika. Halafu kimya. Mlango ukafunguliwa na mume wangu. Mama mkwe alikuwa amekaa chini, amejikunja kati ya kabati na ukuta, mama mzima, mikono kichwani.

Niliomba radhi kwa lugha zote mbili. Alijifuta uso, akasema "si kitu mwanangu", akaenda kulala bila kula.

Kesho yake tulipokuwa tunamenya matooke alinisimulia, mume wangu akitafsiri. Wakati wa Amin alikuwa mtoto. Usiku mmoja askari waligonga hivyo hivyo, na maneno ni hayo hayo: fungua mlango. Wakamchukua baba yake. Hakurudi, na hakuna kaburi. Maneno hayo mawili, alisema, ndiyo Kiswahili chote alichokijua hadi alipofika miaka 11.

Nilikuwa nimeyarudia mlangoni pake, usiku.

Halafu akaendelea, na hapa ndipo nawaomba msome polepole. Februari 1979, katika vita na Amin, majeshi yetu ya Tanzania yalifika Masaka. Wao walijificha ndani ya lusuku, shamba la migomba, siku tatu, wakisikia mji unavunjwa. Masaka ilibomolewa vibaya vita vile, kulipiza yaliyofanywa na askari wa Amin kwetu Kagera, na duka la mjomba wake lilikuwa kati ya yaliyolala chini. Siku ya nne askari aliingia shambani. Akaongea. Kiswahili kile kile! Mama akasema mwili wake wote uliganda. Yule askari alikuwa anasema, "Msiogope, mama. Naomba maji." Akanywa, akashukuru, akawaachia kipande cha sabuni. Miaka hiyo sabuni, chumvi na sukari vilikuwa havipatikani ila kwa magendo. Mama yake alikikata kile kipande kwa uzi, nusu akaificha.

Huko wanawaita askari wale bakomboozi, yaani wakombozi. Mama mkwe huwaita hivyo, na huwa haachi kutaja duka la mjomba. Kwake yote mawili ni kweli, na hataki umwondolee hata moja.

Mtu wa Bukoba

Dada, umenigusa pabaya. Sisi tuko upande wa pili wa kisa hicho. Oktoba 1978 askari wa Amin walipoingia Kagera, familia yangu ilikuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto. Wakaiba ng'ombe, wakaua, na Novemba daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakabaki hawana pa kukimbilia. Bibi yangu alivuka mto kwa mtumbwi na watoto wanne. Yeye alikuwa akisikia Kiganda sokoni anaondoka, anaacha hata chenji. Na Kihaya na Kiganda vinaelewana kiasi! Alikuwa anaelewa, ndiyo maana hakuweza kukaa.

Mwambie mama mkwe wako kuna bibi Bukoba alikuwa anashtuka kama yeye.

Mwanzisha uzi

Kaka, nimemsomea. Aliuliza bibi yako yuko hai. Nikamwambia umeandika "alikuwa". Akasema, "Kitalo nnyo." Hiyo ndiyo pole yao ya msiba.

Msomaji mwingine

Lakini si Kiswahili ni lugha rasmi Uganda sasa? Mbona tunasikia kinafundishwa shuleni?

Mwanzisha uzi

Ni kweli. Katiba yao ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mtoto wa jirani yangu wa darasa la tano huniletea daftari nimsahihishie ngeli. Lakini elewa kwamba ubishi huu ni wa siku nyingi kuliko Amin. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, aliwapinga Waingereza waliotaka kukipa Kiswahili nafasi, akitetea Kiganda. Baganda wengi wanaona lugha yao ndiyo kiti cha ufalme wao, na kwa hilo nawaelewa, maana sisi Waswahili tungefanyaje tukiambiwa tuweke yetu kando? Amin akaja kukitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kutoka kinywani mwake nani angekipenda? Serikali inaweza kupitisha sheria. Sebuleni kwa mama mkwe wangu sheria haiingii.

Kijana wa Arua

Msiwaze Uganda yote ni Kampala na Masaka. Huku West Nile Kiswahili kinatembea sokoni kila siku, wazee wetu wengi walikuwa wanajeshi na walikileta nyumbani. Njoo Arua shemeji, utaongea mpaka uchoke.

Mwanzisha uzi

Asante shemeji wa Arua, Inshallah tutafika.

Mmeniuliza sana maisha ya kila siku, nitaandika kwa haraka. Daladala kule ni "taksi", haina kupiga ukuta wala "shusha", unasema "mu maaso awo", hapo mbele, na konda anakusikia hata umenong'ona. Umeme unalipia kabla ya kutumia, kama LUKU yetu, jina lake Yaka. Shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu, kwa hiyo usishtuke ukiambiwa nyanya elfu kadhaa. Mfuko wa plastiki ambao kwetu ulipigwa marufuku Juni 2019 wao wanaita kaveera na bado upo kila genge. Ugali ni posho. Jiko la mkaa ni sigiri. Ukoo wa mume wangu ni Mmamba, yaani kamongo, kwa hiyo samaki huyo haingii jikoni kwetu kabisa, uliza mwiko wa mumeo kabla hujaenda sokoni.

Matooke nitakaa nayo kidogo. Kwanza mikono: utomvu utakuganda vidole vyeusi, paka mafuta kabla hujamenya. Chini ya sufuria unapanga mishipa migumu ya majani ya mgomba, ndizi unazifunga ndani ya majani laini kama mtoto mchanga, unafunika kwa majani mengine, moto mdogo, saa nyingi. Zikiiva unazibonyeza ndani ya majani hayo hayo kwa viganja, zinachoma, hutakiwi kulalamika, kisha unazirudisha kwenye mvuke. Mama mkwe anasema ndizi iliyobonyezwa na mtu mwenye haraka inajulikana ulimini. Yangu ya kwanza aliila yote, ya pili akasema "ogezaako", unajitahidi. Ya tano ndiyo aliomba aongezewe.

Na jambo hili lilinitoa gizani. Nilianza kuokota maneno. Meza ni emmeeza. Sabuni ni ssabbuuni. Dirisha ni eddirisa. Kitabu ni ekitabo. Saa ni essaawa, na wanahesabu kama sisi, saa moja ni jua linapochomoza. Sokoni ukitaka kuongezewa unaomba "nyongeza". Wanaume wakienda kuposa wanavaa kanzu, vazi lililotoka kwetu pwani na misafara, na bila kanzu hakuna kuingia kwenye kwanjula, sherehe ya posa yao. Lugha yangu ilikuwa imekaa humo ndani muda wote, imevaa nguo za wenyeji. Lililonifurahisha kuliko yote: mtu akifika mlangoni anaita "Koodi! Koodi!" Ni hodi yetu hiyo! Na wa ndani anajibu "Karibu".

Nilirudi kwa yule mama wa duka Kibuli na Kiganda changu kibovu. "Wasuze otya nno, nnyabo?" Akaangalia juu. "Bulungi, wasuze otya?" Nikaendelea na ile miguno yao ya kupokezana, eee, mmm, eee, mpaka ikaisha. Salamu zikachukua dakika nzima. Akanifungia sabuni, akaweka na limau moja, nyongeza. Kosa langu la mwanzo silo lugha peke yake. Nilimwomba chumvi kabla sijamuuliza kalalaje.

Msomaji, anaolewa mwezi ujao

Na fungate mlienda wapi?

Mwanzisha uzi

Tulichelewa, tulikwenda baada ya miezi mitano, hela zilipopatikana. Visiwa vya Ssese. Unapanda meli Nakiwogo, Entebbe, mchana, na baada ya saa tatu na ushei uko Kalangala. Mtoto wa pwani nilisimama ukingoni nikanusa upepo, nikangoja harufu ya chumvi. Haikuja. Maji hayana mwisho, mawimbi yapo, mchanga upo, mitumbwi ipo, ila pua inasema hapana. Nililia palepale melini, mume wangu akadhani naumwa. Nikamwambia nimekumbuka Raskazone, ufukwe wetu wa Tanga, jua likitua. Hakunibishia, hakuniambia nitazoea. Alikaa kando yangu mpaka tukafunga gati. Wanaume mnaosoma humu, mke akilia ugenini, hiyo inatosha.

Kisiwani tulitembea tu, mashamba ya michikichi yamejaa, jioni samaki wa kuchoma. Kuogelea uliza wenyeji kwanza, ziwani kuna kichocho.

Jinja pia tulikwenda, siku moja, kuona Nile inapotoka ziwani. Pazuri, watu wengi, sina zaidi.

Msomaji mwingine

Mama mkwe je? Bado unanong'ona ukiwa kwake?

Mwanzisha uzi

Kwa mwaka mzima nilikuwa nikipigiwa simu na mama yangu, kama niko Masaka natoka kwenda migombani niongee. Hakuna aliyeniambia. Ilikuwa adabu yangu mwenyewe. Siku moja aliniona narudi, akamuuliza mume wangu kwa nini mugole anamficha mama yake. Sikujua la kujibu. Yeye akasema nimpe simu. Wakaongea, mmoja Kiganda, mmoja Kiswahili cha Tanga, dakika kumi, wala hawakuelewana zaidi ya majina yetu na "Alhamdulillah". Wakaagana kwa furaha.

Sasa juzi. Jumapili baada ya alasiri, mume wangu ametoka, niko jikoni. Mlango ukagongwa. Nikasubiri "koodi". Haikuja. Ukagongwa tena, halafu sauti ya kike, polepole, kila silabi imewekwa peke yake kama mtu anayevuka mto juu ya mawe:

"Fu-ngu-a m-la-ngo."

Nilifungua. Mama mkwe alikuwa amesimama na kijana wa boda boda nyuma yake amebeba mkungu wa matooke. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka, na macho yake hayakunitoka usoni. Nikapiga magoti. Akaninyanyua kabla goti halijafika chini, akapita, akakaa.

Hatukulizungumza. Alipumzika, akanywa chai, akauliza nilikuwa napika nini. Wali wa nazi. Nazi nilizipata soko la Nakasero, ghali, mbili tu. Akasimama kuja jikoni kuangalia, akaona mbuzi wa bibi yangu pembeni, akauliza anakaliwaje. Nikamwonyesha. Akakusanya gomesi yake, lile gauni refu la wanawake wa Kiganda, akakaa kwa ubavu kama wanavyokaa wazee wetu wote, nikampa kifuu, akaanza kukuna.

Mdogo wangu unayekwenda Masaka: nazi beba kutoka nyumbani.